Hugh Tracey: Mkulima wa tumbaku aliyejifunza kurekodi bila darasa

Kwenye studio za vyumbani za Temeke na Kinondoni, maprodyuza wengi hawakusomea kazi yao. Wamekaa nyuma ya anayejua, wakaharibu, wakarudia. Hugh Tracey naye alianza hivyohivyo, karibu miaka 100 iliyopita.

Kutoka shambani

Alizaliwa Uingereza mwaka 1903. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikwenda Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kulima tumbaku na kaka yake. Muziki hakuusomea chuoni, ufundi wa sauti ndio kabisa. Alijifunza Kishona na nyimbo zake kwa vibarua aliofanya nao kazi.

Mwaka 1929 aliwachukua vijana 14 hadi Johannesburg, ambako kampuni ya Columbia ilikuwa imeleta mitambo. Hapo ndipo alipoona kazi ya kurekodi inavyofanyika. Baadaye alifanya kazi ya redio Durban kwa miaka kadhaa.

Studio ndani ya gari

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 alizunguka Afrika na gari la mitambo. Mwaka 1950 alifika Tanganyika, akarekodi ngoma, zeze na kwaya za vijijini. Alirekodi pia bendi za dansi.

Mbinu zake zilikuwa za kawaida tu. Jenereta aliiweka mbali na kuvuta waya mrefu, ili mngurumo usiingie kwenye rekodi. Maiki ilikuwa moja, na aliishika mkononi. Mwimbaji akianza, anaisogeza kwake. Ngoma ikichukua nafasi, anaipeleka huko. Yaani alikuwa anamiksi kwa mkono, wimbo ukiendelea. Hakuna cha kusema tutarekebisha baadaye.

Na hakuwasha mashine kabla ya kusikiliza. Alitaka kwanza ajue nani anaongoza, nani anaitikia na ala imetuniwaje.

Ndivyo alivyomrekodi Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Kongo aliyeimba Kiswahili, mwaka 1952. Kenya nako, mwaka 1950, alinasa wimbo wa wasichana wa Kipsigis uitwao Chemirocha. Jina hilo lilitokana na mwanamuziki wa Marekani, Jimmie Rodgers, waliyemsikia kwenye santuri.

Nani mwenye sauti?

Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, nchini Afrika Kusini. Humo zilitoka santuri zaidi ya 200 za mfululizo wa Sound of Africa. Mwaka huohuo alianza kutengeneza kalimba za kuuza, ala iliyotokana na mbira aliyoikuta kwa Washona.

Hapa ndipo anapolaumiwa. Sauti zilichukuliwa enzi za ukoloni, zikahifadhiwa mbali, na wenye nyimbo hawakuwa na sauti katika biashara yake. Miaka ya 2010, muda mrefu baada ya yeye kufariki mwaka 1977, ndipo ILAM ilipopeleka nakala kwa Wakipsigis.

Lakini kilichowezesha nakala hizo kurudi ni tabia yake nyingine: kila rekodi aliiandikia kadi yenye mahali, lugha, ala na majina ya wahusika aliyoyapata. Bila kadi hizo, nani angejua pa kuzipeleka?

Kama una studio Mbagala au Tandale, masikio utayanoa kwa mazoezi. Ila angalia mafaili yako leo: jina la mpiga gitaa wa wimbo wa mwaka jana limeandikwa wapi?