Profesa Weule Alipopanda Mlima wa Newala

Ni wachache leo katika wilaya za Masasi na Newala wanaolijua jina la Karl Weule. Katika vyuo vikuu vya Ulaya jina hilo lajulikana tangu zamani, na sifa yake kubwa mwenye jina hilo aliipata kwetu, kati ya majabali ya Masasi na ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Sisi tuliosomeshwa katika shule za misheni tulikaririshwa majina ya Maaskofu Steere na Maples, tukajua ni mwaka gani watumwa waliokombolewa waliletwa Masasi kujenga makao mapya. Habari za mwalimu huyu wa chuo kikuu, aliyekuja na sanduku la kunasa sauti na mashine ya sinema, hatukuambiwa. Twaona yafaa wasomaji wetu wamjue, kwa mema yake na kwa mabaya yake, maana kazi aliyoifanya kwa miezi michache ingali inatuhusu.

Weule alizaliwa mwaka 1864 katika kijiji cha Alt-Wallmoden, Ujerumani. Alisomea jiografia, akapata shahada ya udaktari, kisha akaajiriwa katika nyumba ya makumbusho ya Berlin, mahali palipokuwa pakikusanywa vitu vya mataifa yote ya dunia: ngao, vyungu, vinyago, mitumbwi, mavazi. Mwaka 1899 alihamia mji wa Leipzig, akawa msaidizi wa mkuu wa makumbusho ya huko na wakati huohuo mwalimu katika chuo kikuu. Somo lake lilikuwa elimu ya makabila, nayo ilikuwa elimu changa. Walimu wake wengi walikuwa hawajapata kuonana na watu waliowaandika. Walikaa vyumbani wakisoma barua za wamisionari na taarifa za maofisa. Weule naye alikuwa hivyo hadi alipofikia umri wa miaka 42.

Mwaka 1906 alipata nafasi ya kusafiri. Palikuwa na halmashauri ya serikali ya Wadachi iliyoshughulika na uchunguzi wa makoloni, na mkuu wake alikuwa Hans Meyer, yule yule wa Leipzig aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Halmashauri hiyo ilimtuma Weule katika Afrika ya Mashariki. Kwanza alikusudiwa aende pande za Irangi, lakini kulikuwa na vurugu huko kaskazini, na shauri likabadilika akiwa amekwisha kufika. Akapelekwa Lindi. Basi kuja kwake Masasi na Newala kulikuwa kama bahati nasibu.

Lakini nchi aliyoiingia haikuwa katika hali ya kawaida, na hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi. Mwezi uliofuata misheni ya Masasi ilichomwa moto na wamisionari wakakimbilia Lindi. Wadachi walijibu kwa bunduki, na baada ya bunduki kwa moto: mashamba na maghala yakateketezwa ili watu washindwe kwa njaa. Hesabu ya Wadachi wenyewe ilitaja wafu 75,000. Wanahistoria wetu wamesema walifika robo milioni na zaidi. Rais wa Ujerumani alikuja Songea mwaka 2023 na kuomba radhi kwa mambo hayo. Weule alipotoka Lindi katika mwezi wa Julai 1906, vita vilikuwa bado havijazimika katika pande nyingine za kusini. Alipita katika nchi iliyokuwa na makovu mabichi, akifuatana na askari wa serikali iliyoyatia makovu hayo.

Alikwenda kwa miguu na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, chini ya mnyapara aliyeitwa Pesa Mbili. Watumishi wake walikuwa Moritz na Kibwana, na mpishi wake Omari. Kwa kuwa hakujua Kiyao wala Kimakua wala Kimakonde, alimtegemea Nils Knudsen, mtu wa Norwe aliyekaa miaka mingi na Wayao. Alipiga hema Masasi, akashuka Chingulungulu kwa mzee Matola, akafika hadi Ruvuma, kisha akapanda mlima mpaka Newala na baadaye Mahuta. Anayejua mlima ule hahitaji kuelezwa upepo wa jioni unaovuma Newala, unaomfanya mtu wa pwani atafute blanketi. Homa nayo haikumwacha Profesa.

Kazi aliyoifanya ilikuwa kubwa, nasi hatutaki kuipunguza. Alipiga picha za kawaida kwa mamia. Alipiga picha za sinema za ngoma, zikawa miongoni mwa za kwanza kabisa kupigwa katika nchi yetu. Alinasa nyimbo katika silinda za nta, nyimbo za wapagazi na za wenyeji, ijapokuwa nta hulainika katika joto na sauti ikaharibika. Aliandika jinsi wanawake wanavyofinyanga vyungu, jinsi nyumba zinavyojengwa, jinsi ndonya inavyotiwa katika mdomo wa juu wa mwanamke wa Kimakonde, na jinsi chale zinavyochanjwa. Alihudhuria unyago wa wavulana na wa wasichana.

Aliona pia kamba yenye mafundo. Mume akiwa na safari humwachia mkewe kamba iliyofungwa mafundo kwa hesabu ya siku atakazokuwa mbali. Kila siku mke hufungua fundo moja, na fundo la mwisho likifunguliwa ndiyo siku ya kumtazamia bwana njiani. Weule hakuisahau kamba ile. Mwaka 1915 alitoa kitabu kuhusu jinsi wanadamu walivyoanza na alama za kuhesabia mpaka wakafikia herufi za maandishi. Mwanamke wa Makonde asiyejua hata ufunguo wa darasa alikuwa na kalenda yake ukutani, na hilo lilimfunza kitu mwalimu wa chuo kikuu.

Akaitazama na ardhi yenyewe. Uwanda wa juu wa Makonde hauna mito. Mvua ikinyesha huzama mchangani, na chemchemi hutokea chini mabondeni. Kwa ajili hiyo kina mama wa Makonde walishuka miteremko mirefu na kupanda tena na vyungu kichwani. Weule alijiuliza kwa nini watu wakae juu ambako maji hayako, akafahamu kwamba kichaka kile kinene kilikuwa ngome yao. Aliyekimbia Wangoni au wafanya biashara ya watumwa alipata kimbilio katika vichaka ambavyo mgeni hapiti. Maji ya mlima wa Makonde yamezishughulisha serikali zote zilizofuata, ya Mwingereza na ya kwetu, na kila mhandisi aliyepeleka mabomba kule amekutana na swali lile lile.

Hata hivyo, twapaswa kueleza upande wa pili. Weule aliwaona watu wetu kama wanaosimama kwenye ngazi ya chini ya maendeleo ya binadamu, na mzungu juu kabisa. Jina alilokipa kitabu chake kikubwa cha mwaka 1908 lilitumia neno la Kidachi kwa mtu mweusi ambalo leo halitamkwi katika mkutano wa watu wenye adabu. Aliwasifu wengine kwa akili zao, lakini sifa ile ilikuwa ya mtu anayeshangaa kwamba mtoto ametembea. Unyago ulikuwa na siri zake, na siri ina wenyewe; yeye aliweka mashine mbele yake. Alikusanya vitu kwa maelfu, akavilipia. Fedha za wakati ule zilikuwa rupia pamoja na ile hela iliyoletwa na Wadachi mwaka 1904, ambayo jina lake tungali nalo kinywani kila siku. Lakini kununua katika nchi iliyoshindwa vitani, ukiwa na askari nyuma yako, si sawa na kununua sokoni. Mtu ambaye ghala lake limechomwa moto hana nguvu ya kukataa bei.

Tena lipo jambo ambalo hakuliuliza. Alikaa miezi kadhaa kati ya watu waliotoka vitani mwaka uliopita, akapima nyumba zao na kuhesabu mafundo ya kamba zao. Kwa nini walipigana, hilo hakulifanya swali la elimu yake. Tunaamini hakulikwepa kwa woga. Mtu aliyetumwa na serikali kuwajua watawaliwa huangalia yale yatakayomsaidia mtawala, na swali la haki ya kutawala halimo katika daftari lake.

Mambo hayo hayakuwa ya Weule peke yake. Mzee Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha huko Berlin kuanzia mwaka 1900. Alikuwa ameandika habari za desturi za Waswahili, nazo zikatokea mwaka 1903 kwa jina la Profesa Velten, aliyezikusanya na kuzihariri. Mwenye elimu alikuwa msaidizi, na mhariri akawa bwana wa kitabu. Mwaka 1908 mji wa Hamburg ulifungua chuo cha makoloni, mahali pa kuwafundisha maofisa na wafanya biashara kabla hawajavuka bahari, na mwaka uliofuata Carl Meinhof akawa profesa wa lugha za Afrika hapo. Elimu ya mambo ya utawala, ambayo siku hizi ina vyuo vyake katika kila taifa, ilizaliwa namna hiyo kwa upande wetu: sisi tulikuwa somo, wao walikuwa wanafunzi, na mtihani wao ulikuwa kututawala.

Weule alipandishwa cheo baada ya safari yake. Alikuwa mkuu wa makumbusho ya Leipzig. Taarifa yake ya kitaalamu ilitoka mwaka 1908 pamoja na kile kitabu cha watu wote, na mwaka 1909 Bibi Alice Werner, bingwa wa Kiswahili wa London, alikifasiri kwa Kiingereza. Mwaka 1914 Weule alianzisha taasisi ya uchunguzi wa makabila, na mwaka 1920 akapewa kiti kamili cha uprofesa, akiwa miongoni mwa wa kwanza nchini Ujerumani kukipata kwa elimu hiyo. Alifariki Leipzig mwaka 1926. Hakupata tena kuiona Newala.

Kiti chake kilirithiwa mwaka 1927 na Otto Reche, mtu wa elimu ya kupima damu na mafuvu ili kutofautisha mbari, ambaye baadaye alijiunga na chama cha Hitler. Hatusemi kwamba Weule ndiye aliyefungua mlango huo. Twasema kwamba ngazi ile ya wanadamu wa juu na wa chini ilikuwa imekwisha kujengwa chumbani, na aliyefuata hakuwa na shida ya kuipanda. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 4 Desemba 1943 ndege za Waingereza ziliupiga mji wa Leipzig, na jumba la makumbusho likashika moto. Vitu vingi vya Afrika viliteketea, mbali sana na mikono iliyovitengeneza.

Chuo Kikuu cha kwetu kilifunguliwa Oktoba 1961, nacho kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa sababu hakikuwa na mahali pengine. Mwaka 1968 wanafunzi wake walitumwa mikoa ya kusini kuwauliza wazee habari za Maji Maji. Walikwenda bila askari. Waliuliza lile swali ambalo mwalimu wa Leipzig hakuliuliza, na wazee waliokuwa vijana mwaka 1905 wakawajibu. Marehemu Gilbert Gwassa alikuwa kati ya waliofanya kazi hiyo, naye alistahili sifa kuliko aliyopewa. Kama tungeulizwa ni kazi gani ya walimu wa chuo iliyowafaa zaidi watu wa kusini, tungeitaja hiyo kwanza.

Lakini kazi ya Weule nayo ni mali. Sauti zilizomo katika nta ile ni za watu wetu, na picha zile ni za babu za watu walio hai. Haitoshi kwamba mtafiti wa Ulaya aweze kuzisikia. Nakala zake zafaa ziwekwe Masasi na Newala, katika shule za sekondari na katika maktaba za wilaya, ili mtoto wa Chiwata au wa Kitangari asikie ngoma ya kwao bila kuomba hati ya kusafiria. Kwa mashine za siku hizi nakala si kazi ya kumshinda mtu.

Katika kitabu cha Weule zimo pia picha ambazo hakuzichora yeye. Aliwapa watu penseli na karatasi, wengi wao kwa mara ya kwanza maishani, akawaambia wachore wapendavyo. Pesa Mbili, mnyapara wa wapagazi, alichora ramani ya njia ya misafara kutoka pwani mpaka Tabora, pamoja na vituo vyake kwa mpangilio, kutoka kichwani mwake. Alikuwa ameipita kwa miguu, mzigo begani.