Dag Hammarskjöld na Wachoma Makaa wa Ndola

Sisi wa Kinanie tumezoea ngurumo za ndege. Chama chetu kilipotutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kuaga dunia, wenzangu walikimbilia Mekatilili na Shaaban Robert. Mimi nikamchagua Mzungu wa Uswidi. Msinicheke kwanza. Babu yangu yumo katika habari hii.

Dag Hammarskjöld alizaliwa tarehe 29 Julai 1905 mjini Jönköping. Baba yake alikuwa Waziri Mkuu wa Uswidi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Dag mwenyewe alikuwa msomi hasa, mtu mkimya, na hakuoa. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 47, alichaguliwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Habari zilimfikia usiku wa kuingia tarehe 1 Aprili, siku ya wajinga, naye akadhani ni mzaha! Basi mataifa makubwa yalidhani yamempata karani mtiifu. Kumbe! Mwaka 1955 alikwenda Beijing mwenyewe kuwaombea wanahewa 11 wa Marekani waliofungwa huko, na Agosti wakaachiliwa. Mwaka 1956 aliunda jeshi la kulinda amani kule Suez.

Kongo ndiyo iliyommaliza. Ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye Moïse Tshombe akalitangaza jimbo la Katanga, lenye shaba nyingi, kuwa nchi yake. Wazungu wenye migodi walikuwa nyuma yake. Lumumba aliuawa Januari 1961. Warusi walimtaka Hammarskjöld ajiuzulu. Akakataa, akisema Umoja wa Mataifa ni ngao ya nchi ndogo. Wengi hapa Afrika walimlaumu pia kwamba hakumwokoa Lumumba, na lawama hiyo mimi siwezi kuifuta.

Septemba 1961 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yakipigana na ya Katanga. Tarehe 17 jioni alipanda ndege aliyokuwa akiitumia mkuu wa majeshi hayo, DC-6 iliyoitwa Albertina, kutoka Léopoldville (siku hizi Kinshasa) kwenda kuonana na Tshombe mjini Ndola, katika Zambia ya leo. Katanga ilikuwa na ndege ya vita aina ya Fouga, kwa hiyo rubani alizunguka mbali, upande wa Ziwa Tanganyika, redio kimya. Muda mfupi baada ya saa sita usiku alipita juu ya Ndola. Kisha kimya. Ilianguka msituni, kiasi cha kilomita 15 tu kutoka uwanjani, lakini wakubwa walitangaza kuwa imeiona hadi kesho yake saa tisa alasiri! Watu 16 walikuwamo. Mlinzi mmoja, Harold Julien, alikutwa hai, akasema kulitokea mlipuko, akafa baada ya siku chache. Ilisemekana ati alikuwa akiweweseka kwa homa.

Sasa, ni nani aliyekuwa macho msituni saa hizo? Wachoma makaa.

Babu alichoma makaa huku kwetu ujanani mwake. Ananiambia tanuri la makaa halilaliwi. Udongo ukipasuka, hewa inaingia, na asubuhi unakuta jivu. Kwa hiyo mtu hukesha na sepetu yake, macho juu na chini. Watu wa namna hiyo, pale Ndola, waliona ndege kubwa angani na ndege ndogo nyingine karibu nayo. Wengine waliona moto kabla haijaanguka. Tume ya serikali ya Rhodesia haikuwasadiki. Mwaka 1962 ikasema ni kosa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa mwaka huohuo ilisema sababu haijulikani. Wachoma makaa wengine waliookota mashine ya siri kwenye mabaki, wakidhani ni taipureta, walifungwa jela kwa wizi. Yaani waliofika mapema kuliko serikali ndio waliokula kifungo.

Hammarskjöld alizikwa Uppsala na akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 1961 akiwa amekwisha kufa.

Wacha niwaambie lililonifurahisha. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliikabidhi kazi ya kuchunguza upya kwa jopo lililoongozwa na Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania wakati huo. Mswahili mwenzetu! Ushahidi wa wale wazee ukapimwa kwa haki. Ripoti yake ya 2017 ilisema yawezekana ndege ilishambuliwa au kutishwa na ndege nyingine. Tena alizitaka nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, zifungue majalada yao. Mwaka 2024 alikuwa bado anazidai.

Nilipomsomea babu haya yote, hakuuliza habari za Fouga wala za Tshombe. Aliuliza tu kama wale waliofungwa waliwahi kuombwa radhi.