Al-Khwarizmi, mirathi na vidole vya vijana wa Hagadera



Siku hizi ukifungua simu, habari ni akili mnemba tu. Mara imesoma picha ya mapafu, mara imemwandikia mwanafunzi insha, mara inakuja kuwamaliza makarani kazi. Barazani kwetu kila mtu ana maoni yake, na mimi kwa diploma yangu moja sijioni mtaalamu kuwapita wenzangu. Ila kuna neno linalorudi katika kila habari ya namna hii, nalo ni algorithimu, yaani hatua ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya nyingine mpaka ipate jibu. Wengi hudhani ni neno la Wazungu. Kumbe ni jina la mtu, Mwislamu aliyeishi Baghdad zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi.

Nimemfikiria sana mzee huyu tangu nifike Hagadera, kule Fafi katika kaunti ya Garissa, ambako kuna Wakenya wanaokosa vitambulisho kwa jibu la kompyuta. Hilo nitalifikia. Kwanza tumjue mwenyewe.

Alizaliwa yapata mwaka 780. Jina lake lamnasibisha na Khwarizm, nchi iliyo kusini mwa bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Kazi yake aliifanya Baghdad, mji ulioanza kujengwa na Bani Abbas mwaka 762, kwa hivyo wakati wa utoto wake ulikuwa bado mji mpya. Karatasi ilikuwa imeanza kutengenezwa pale, na vitabu vya Wahindi, Waajemi na Wayunani vilikuwa vikifasiriwa kwa Kiarabu. Khalifa Al-Maamun, aliyetawala kutoka 813 hadi 833, aliwakusanya wanavyuoni katika Baitul Hikma, na Al-Khwarizmi akawa mmoja wao. Sisi watu wa Pwani mji wa namna hiyo twaujua. Mwarabu, Mhindi na Mwajemi hukutana sokoni, na kila mmoja hurudi kwao na maneno ya mwenzake.

Khalifa ndiye aliyemhimiza aandike kitabu kifupi cha hesabu, na katika kichwa cha kitabu hicho mna neno al-jabr. Wanafunzi wetu huliita aljebra na kuliogopa kama simba. Maana yake ni kurejesha kilichopungua, na kwa Kiarabu neno hilo hilo hutumika kwa kuunga mfupa uliovunjika. Neno la pili la kichwa hicho ni al-muqabala, yaani kuziweka pande mbili zikabiliane na kuondoa vilivyo sawa huku na huku. Ndani hamna herufi za x wala y. Kila hesabu imeelezwa kwa maneno, kama mtu anayemfundisha mwenzake uso kwa uso.

Na alikusudia nini? Katika dibaji yake anaeleza kwamba anataka kuwarahisishia watu hesabu za mirathi, wasia, ugawaji wa mali, kesi, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Karibu nusu ya kitabu ni masuala ya wasia na mirathi.

Hebu nitoe mfano wangu mwenyewe. Mzee wa Fafi amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume, binti mmoja, na ngamia 24. Mke ana thumuni, basi achukua 3. Wanabaki 21, mtoto wa kiume apata 14 na binti 7. Hiyo twaweza kuihesabu hata kwa vidole. Sasa sema yule mtoto wa kiume alikuwa anadaiwa na marehemu, na marehemu naye alimuusia mtu baki fungu ndani ya ile theluthi inayoruhusiwa na sheria. Deni linaongeza mali, mali inabadilisha mafungu, na fungu la mtoto ndilo linalolipa deni. Hapo ndipo ndugu wanaponuniana mpaka kaburini. Al-Khwarizmi aliweka hatua za kufuata, ukizishika mwanzo hadi mwisho kila mtu apata chake, na aliye mkubwa wa sauti hamzidi yatima.

Kitabu chake kingine kilifundisha kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi, zile tisa pamoja na sifuri. Ukiangalia salio lako la M-Pesa leo, tarakimu ni hizo hizo. Akatunga pia majedwali ya mienendo ya jua, mwezi na sayari, na risala kuhusu kalenda ya Mayahudi.

Halafu kuna kitabu chake cha sura ya ardhi, chenye orodha ya miji, milima, visiwa na mito ipatayo 2,402, kila mahali na vipimo vyake vya longitudo na latitudo. Alianzia kwa Ptolemy wa Misri, ambaye kitabu chake kilikuwa kimeheshimiwa kwa karibu miaka 700. Ptolemy alikuwa ameipa Bahari ya Mediterania urefu wa digrii 62 hivi, naye Al-Khwarizmi akaupunguza hadi karibu 50, ambao unaukaribia zaidi urefu wa kweli. Orodha ya zamani aliiheshimu, lakini palipokosewa alisahihisha.

Tusidhani kwamba dola aliyoitumikia ilikuwa ya malaika. Mwaka 833, Al-Maamun huyo huyo mpenda elimu aliamuru makadhi na wanavyuoni waitwe mmoja mmoja waulizwe kama Qurani imeumbwa. Aliyetoa jibu ambalo serikali ilitaka aliachiwa. Imam Ahmad bin Hanbal alikataa, akatiwa minyororo, na chini ya khalifa aliyefuata akapigwa mijeledi. Kwa lugha ya magazeti yetu tungesema watu walipigwa msasa. Serikali iliyogharamia nyota na ramani ndiyo iliyopanga watu foleni kuwapima kwa swali moja.

Kisa kingine kimo katika tarehe ya Al-Tabari. Mwaka 847 Khalifa Al-Wathiq alipokuwa mgonjwa, waliitwa wanajimu wamtazamie, na katika orodha ya majina yao Al-Khwarizmi ametajwa. Wakapiga hesabu, wakamtabiria miaka mingine 50. Baada ya siku kumi khalifa akafa. Nyota zilikuwa mahali pake na majedwali yalikuwa sawa. Ila nyota haziulizwi umri wa mgonjwa. Hesabu safi iliyoulizwa swali lisilo lake hutoa jibu la uongo, tena kwa kujiamini sana.

Yeye mwenyewe alifariki yapata mwaka 850. Miaka kama 300 baadaye vitabu vyake vikafika Ulaya kupitia Uhispania. Aljebra yake ilifasiriwa kwa Kilatini na Robert wa Chester mwaka 1145 pale Segovia. Kitabu cha tarakimu nacho kilipofasiriwa, jina lake likaandikwa Algorizmi. Wasomaji wakalichukua jina kama ndilo jina la ufundi wenyewe wa kuhesabu, na likaendelea kubadilika mpaka likawa algorithimu.

Sasa twende Hagadera.

Hagadera ni mojawapo ya kambi tatu za mwanzo za Dadaab, pamoja na Ifo na Dagahaley, zilizofunguliwa Wasomali walipokimbia vita baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991. Wenyeji wa eneo hilo ni Wasomali Wakenya, lugha moja na dini moja na wakimbizi, na wengine hata ukoo mmoja. Ukame ulipoua mifugo, mwenyeji hakuwa na kitu, ilhali ndani ya kambi mlikuwa na unga, mafuta, zahanati na shule. Mama aliyekwisha kupoteza mbuzi wote alimshika mtoto mkono akaingia foleni ya wakimbizi. Ningekuwa mimi ningeingia, na wewe pia ungeingia.

Mtoto yule akaandikishwa, na alama za vidole vyake zikahifadhiwa. Leo ana miaka 18 na zaidi, anakwenda kuomba kitambulisho cha Kenya. Kompyuta inatazama mistari ya kidole chake, pale inapokatika na pale inapogawanyika panda, inalinganisha na zilizomo katika rejista ya wakimbizi, inasema huyu yumo. Basi ameondolewa kwenye foleni. Huu ndio unaoitwa usajili maradufu. Haki na Sheria, shirika lililo Garissa, limekadiria kwamba walioathirika hawapungui 40,000.

Pale sokoni Hagadera nilikunywa chai na kijana mmoja wa upande wa wenyeji. Baba yake ana kitambulisho, mama anacho, na kaka zake wakubwa wanacho. Yeye hana, kwa sababu mwaka wa njaa yeye ndiye aliyekuwa mdogo wa kubebwa. Hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti, hawezi kupiga kura, na kila kizuizi cha polisi kwenye barabara ya kwenda Garissa ni mtihani. Aliniambia haya bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, na hilo ndilo lililoniumiza.

Angalieni, wasomaji, kwamba kompyuta haikukosea. Kidole ni kile kile. Iliulizwa kama kidole hiki kimo katika rejista ya wakimbizi, ikajibu ndiyo. Lakini hilo silo swali la uraia. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa iwapo siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia wa Kenya. Hamna mahali inaposema kuwa unga wa msaada huondoa uraia. Ni yale ya wanajimu wa Al-Wathiq, hesabu sawa na swali silo.

Najua hoja ya usalama, wala siipuuzi. Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na msiba ule hakuna aliyeusahau. Lakini mwenye shaka achunguzwe yeye, kwa jina lake na ushahidi wake. Kuwafungia maelfu mlango kwa sababu walilishwa wakiwa watoto si usalama.

Na sisi wa Pwani tusilitazame jambo hili kama la watu wa mbali. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 wakidai uraia, na Wapemba walitambuliwa 2023 baada ya kuishi hapa vizazi kadhaa. Ni wangapi miongoni mwetu wameambiwa walete cheti cha babu ndipo wapewe kitambulisho? Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini tangazo halifuti alama ya kidole iliyomo ndani ya kompyuta. Inahitajika hatua ya kuzitoa alama za Wakenya katika rejista ile, nayo ifanywe karibu na watu, kwa muda unaojulikana, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi.

Basi maoni yangu kuhusu hii akili mnemba ni haya. Siiogopi, wala sitaki irudishwe ilikotoka. Nataka kila mahali mashine inapoamua haki ya mtu, pawe na mwanadamu anayeweza kuulizwa, mwenye mamlaka ya kuweka pande mbili zikabiliane: upande huu kadi ya chakula, upande ule vitambulisho vya wazazi, cheti cha kuzaliwa, na wazee wanaomjua. Huyo ndiye al-muqabala wetu. Aliyeanzisha sayansi hii aliianza kwa mafungu ya wajane na mayatima.

Al-Khwarizmi aliipunguza bahari ya Ptolemy kwa zaidi ya digrii kumi baada ya watu kuiamini kwa karibu miaka 700. Kuondoa jina la mtoto katika orodha ya wakimbizi ni kazi ndogo kuliko hiyo.