Beryl Markham: Mtoto wa Njoro na Sentensi Zake

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, huenda mkashangaa kuona nimeleta Mwingereza katika jarida letu, tena aliyeandika kwa Kiingereza. Nivumilieni kidogo. Mama huyu alilelewa papa hapa kwetu, Njoro, mwendo mfupi wa matatu kutoka Nakuru mjini, na Kiswahili alikijua tangu utotoni. Halafu kuna kesi juu yake ambayo haijaisha hadi leo: je, sentensi zinazosifiwa katika kitabu chake ni zake kweli?

Beryl alizaliwa Ashwell, Uingereza, tarehe 26 Oktoba 1902. Babake, Kapteni Charles Clutterbuck, alikuwa mfunzaji wa farasi wa mashindano. Alipata shamba Njoro akaleta jamaa yake, Beryl akiwa na miaka mitatu au minne hivi. Mamake hakuyaweza maisha hayo. Alirudi Uingereza na mtoto wa kiume, msichana akaachiwa babake. Ardhi yenyewe, tusisahau, ilikuwa ya Wamaasai, ambao walihamishwa kutoka sehemu hizi za Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904. Kitabu chake hakilizungumzii sana jambo hili, na mimi naona hilo ni pengo.

Baba alishughulika na farasi na vinu vya kusaga nafaka, kwa hivyo mtoto alikulia mikononi mwa wafanyakazi wa shamba. Rafiki yake mkubwa alikuwa Kibii, mvulana wa Kikalenjin ambaye baadaye aliitwa arap Ruta, akafanya kazi naye miaka mingi. Beryl alifuatana na wanaume kuwinda ngiri kwa mikuki huko bonde la Rongai. Alipopelekwa shule Nairobi alikaa kama miaka miwili u nusu tu, akafukuzwa. Mengine aliyapata nyumbani.

Ukame ulipokuja, babake alifilisika akaenda Peru. Beryl, msichana wa miaka 18 hivi, alipanda farasi akaenda zake Molo kwenye baridi, akaanza kufunza farasi wa watu. Mwaka 1926 farasi wake Wise Child alishinda mbio za St Leger, Nairobi. Kisha akaingia urubani, akifundishwa na Tom Campbell Black, akapata leseni mwaka 1931. Tarehe 4 Septemba 1936 aliruka kutoka Abingdon, Uingereza, peke yake. Baada ya saa 21 na ushei mafuta yaligoma kufika kwenye injini, ndege ikajikita katika kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Akatoka na jeraha kichwani. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake bila kutua, kutoka mashariki kwenda magharibi. Si mchezo!

Kitabu chake, West with the Night, kilitoka Marekani mwaka 1942. Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae.

Takriri, usambamba na swali la balagha mara nyingi tunavitafuta katika mashairi tu, kwa sababu ya mtihani. Beryl anavitumia katika nathari. Kitabu kinaanza kwa swali la balagha: anajiuliza jinsi kumbukumbu zinavyoweza kupangwa. Halijibu vizuri. Anachagua tu siku moja ya mwaka 1935 alipopeleka oksijeni kwa mgonjwa huko Nungwe, Tanganyika, na hadithi inaanzia hapo. Mahali pengine anaeleza aina za ukimya. Vifungu kadhaa anavifungua kwa njia ile ile, mara wa msitu, mara wa mji, mara wa mvua, hata msomaji anaanza kusubiri unaofuata, na wa mwisho unakuwa wa vitu visivyo na uhai.

Tena kuna jambo ambalo mtu wa Kiswahili atalisikia haraka. Kiingereza hakina -ka- ya kusimulia kama yetu. Sisi tukisema alitoka, akakimbia, akaruka, akaanguka, tendo moja linavuta jingine. Beryl katika uwindaji anaunganisha vitendo kwa ile na yao, kimoja baada ya kingine, pumzi inakuishia, halafu anakusimamisha ghafla kwa sentensi fupi. Mimi nikisoma nasikia mzee akisimulia jioni.

Kitabu kilisahauliwa. Beryl alirudi Kenya karibu na mwaka 1950 akaendelea na farasi, kwa muda huko Naivasha, akashinda Derby ya Kenya mara kadhaa. Baadaye barua ya Ernest Hemingway ya 1942 ikaonekana, ambamo mwandishi huyo mkubwa alikiri kuwa Beryl anawashinda waandishi kama yeye. Kitabu kikachapishwa upya mwaka 1983, mwenyewe akiwa bibi kizee. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986.

Kesi ni hii. Mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa mwandishi wa Kimarekani, na baada ya kuachana, rafiki zake walidai yeye ndiye aliyekiandika. Errol Trzebinski aliuunga mkono upande huo mwaka 1993, wakati Beryl hawezi tena kujibu. Mary Lovell, aliyeandika maisha yake mwaka 1987, anashikilia kuwa sehemu ya kitabu ilimfikia mchapishaji kabla wawili hao hawajakutana. Wanaomtilia shaka wana hoja nzito: hakutoa kitabu kingine, na shule ndiyo hiyo niliyoitaja. Beryl mwenyewe anamshukuru Schumacher kitabuni kwa msaada wake, kwa hivyo kusaidiwa alisaidiwa. Lakini mhariri hukata na kunyoosha. Mwendo ule wa masimulizi ataupata wapi mtu ambaye hakulelewa Njoro? Na hoja ya shule naikataa kabisa, maana wasimulizi wetu wengi hawakuona darasa. Anayenipinga katika chama chetu aje na kurasa mbili za Schumacher, tuziweke kando ya sura ya ngiri tuzipime.