Siti binti Saad: Mwimbaji aliyeheshimiwa kwa kalamu

Kuna kalamu ya wino ya kampuni ya Montblanc ya Ujerumani iliyotengenezwa kwa heshima ya Maria Callas. Huyu mama aliimba opera, ile michezo ya jukwaani ambayo hadithi nzima inaimbwa. Alizaliwa New York mwaka 1923, wazazi wake Wagiriki, akafia Paris mwaka 1977. Bei ya kalamu hiyo, hapa kwetu Natta unapata ng'ombe na chenji inabaki.

Sasa jiulize: kwetu Afrika Mashariki, mwimbaji gani aliwahi kuheshimiwa kwa kalamu? Yupo. Na kalamu yake haikuwa ya dukani, ilikuwa ya Shaaban Robert.

Mwimbaji huyo ni Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, karibu mwaka 1880. Baba yake Mnyamwezi, mama yake Mzigua, yaani damu ya bara kabisa. Jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Ndiyo, Mtumwa. Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria mwaka 1897, kwa hiyo alikua katika nyakati ambazo jina hilo lilikuwa na maana yake kamili.

Shule hakupata. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa kufinyanga vyungu. Binti anajitwika vyungu kichwani, anatembea kwa miguu kutoka Fumba mpaka mjini, na njiani anavinadi kwa sauti. Watu wakaanza kuisikia hiyo sauti kabla hawajamwona mwenyewe. Wengine walikuwa na vyungu vya kutosha ndani lakini wanatoka nje tu wasikie.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko alikutana na wanamuziki waliomfundisha kuimba na ala, akajifunza pia kusoma Kurani kwa sauti. Kundi lake likawa na watu kama Subeti bin Ambari, Mwalimu Shaaban, Budda na Mbaruku. Jina la Mtumwa likaachwa njiani, akaitwa Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima zake.

Hapa lazima ujue taarabu ilikuwaje. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, ndiye anayetajwa kuileta jumba la kifalme kutoka Misri. Ilikuwa ya wakubwa, ikiimbwa Kiarabu, na waimbaji ni wanaume. Mtu wa kawaida hata akisikia hakuelewa. Bi Siti akaimba kwa Kiswahili. Aliimba kwenye jumba la Sultani, sawa, lakini pia aliimba nyumbani kwake usiku, na watu wa mitaa ya Ng'ambo wakajaa.

Hawakukosekana wa kumkejeli. Ukatungwa wimbo wa kumkumbusha kwamba alikuja mjini na kaniki yake. Kumbe walimpa mtaji! Akajibu kwa wimbo pia, akisema kwa namna yake kwamba sura na ukoo si kitu mbele ya akili. Wimbo wa kumtukana leo unakumbukwa kwa sababu yake yeye.

Machi 1928 alisafiri na wenzake kwenda Bombay, India, mji unaoitwa Mumbai siku hizi, kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Zilikuwa kati ya santuri za kwanza kabisa za nyimbo za Kiswahili kuingia sokoni. Ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, zikavuka bahari, zikachezwa kwenye migahawa ya kahawa ya miji ya Afrika Mashariki. Kampuni ya Columbia nayo ikaja kurekodi Zanzibar kwenyewe. Mtoto wa mfinyanzi, sauti yake inazungushwa kwenye gramafoni na watu ambao hawajawahi kuiona Fumba.

Ila mimi naona ukubwa wake hauko kwenye hesabu ya santuri. Uko kwenye nyimbo kama Kijiti. Wimbo huo unasimulia mkasa wa mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Anayetajwa kuwa muuaji alitoroka kwenda bara. Walioishia kubeba adhabu ni wanawake waliokuwa na marehemu, eti kwa sababu ya pombe. Bi Siti hakuuweka mkasa huo kwenye mafumbo, aliutaja mahakamani ulivyokwenda. Wakati huo Zanzibar iko chini ya Waingereza, na mwanamke asiye na shule anaimba kwamba haki haikutendeka, na watu wanaununua huo wimbo.

Mwishoni mwa maisha yake ndipo akakutana na Shaaban Robert. Huyu naye alikuwa mtu wa pwani, mzaliwa wa Tanga mwaka 1909, karani wa serikali aliyeandika vitabu baada ya saa za kazi. Akamhoji Bi Siti, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Fikiria mwandishi mkubwa wa Kiswahili wa zama zake, mwanaume, anakaa chini kuandika maisha ya mwanamke aliyekuwa muuza vyungu. Wasifu wa wakati huo ulikuwa wa masultani na mashehe.

Kitabu chenyewe, tuseme ukweli, kina sifa nyingi mno. Shaaban kila tukio analigeuza funzo, mpaka Bi Siti anakuwa karibu malaika. Ule ukali wa Kijiti unahitaji kuusikia, hautaupata kwenye sifa hizo. Lakini bila kitabu hicho, sisi wa huku bara, mbali na bahari, tungemjua vipi? Wengi wetu tulimsoma kabla hatujamsikia. Sauti tumekuja kuipata juzi tu, kwenye simu, ikiwa na mikwaruzo ya santuri.

Wasifu huo ulichapwa mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Shaaban Robert akafariki mwaka 1962, na kama kitabu kinachojitegemea ukatoka mwaka 1967.

Bi Siti alikuwa ameshaondoka zamani. Alifariki Zanzibar tarehe 8 Julai 1950, miaka minane kabla ukurasa wa kwanza wa maisha yake haujatoka kwenye mashine ya chapa.