Percy Julian, aliyesoma chuo na sekondari kwa pamoja

Binti yangu yupo darasa la kumi na moja hapa Maskati. Wiki iliyopita alirudi na fomu ya kuchagua masomo, akataka kuiacha kemia. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyesoma sayansi, na darasani anajiona yuko nyuma. Baada ya chakula cha usiku nikamhadithia maisha ya Percy Julian.

Alizaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1899. Babu yake alikuwa mtumwa, na alikatwa vidole kwa kosa la kujifunza kuandika. Julian mwenyewe alipomaliza darasa la nane, mji wake haukuwa na sekondari ya serikali kwa mtoto mweusi. Mwaka 1916 akaenda chuo cha DePauw, Indiana. Mchana anasoma chuo, jioni anasoma masomo ya sekondari yaliyompita, na kulala analala darini kwenye nyumba ya wanafunzi wa kizungu, ambako kazi yake ni kuchochea tanuri. Huyo ndiye aliyekuwa nyuma. Mwaka 1920 alimaliza wa kwanza.

Harvard akapata shahada ya pili, lakini hakuruhusiwa kusomesha, ati wazungu wasingekubali. Udaktari wa kemia akaupatia Vienna, 1931. Mwaka 1935, yeye na mwenzake Josef Pikl wakafanikiwa kuitengeneza maabara dawa ya presha ya macho, iliyokuwa ikitolewa kwenye haragwe la Calabar, Nigeria. Baadaye akiwa kiwandani Chicago, maji yalivuja ndani ya tangi la mafuta ya soya yakaacha utandu mweupe. Mwengine angelimwaga. Yeye akaujua ni kitu gani, na kutoka humo akatengeneza kwa wingi homoni walizopewa wanawake walioogopewa kuharibikiwa mimba.

Aliponunua nyumba Oak Park, ilitaka kuchomwa moto, kisha ikatupiwa baruti. Hakuhama. Alifariki 1975.

Mimi ninayemstahi zaidi ni baba yake. Alikuwa karani wa posta ya reli, na watoto wake wote sita aliwafikisha chuo kikuu. Hilo sikumwambia binti yangu, maana linatuhusu sisi wazee.

Fomu inarudishwa Jumapili. Bado iko mezani, na kemia hajaikata.