Cicely Williams, tabibu aliyewasikiliza akina mama

WATOTO waliofikishwa mbele ya Dkt Cicely Williams huko Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, walikuwa wamevimba miguu, nywele zimepoteza weusi wake, nao wakilialia bila kutaka kuguswa. Wengi walifariki.

Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyesomea Oxford, aliwasili huko mwaka wa 1929. Jina la maradhi aliwauliza wanawake wenyeji. Kwa lugha ya Ga ni kwashiakoo: ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani kumpisha mdogo wake. Aling’amua kwamba uji mtupu wa mahindi haungeweza kushika nafasi ya maziwa ya mama.

Alipochapisha matokeo yake mwaka wa 1933, mabingwa wa tiba walishikilia kuwa ni pelagra tu. Wataalamu wa baadaye wameona kwamba upungufu wa protini pekee hauelezi kila kitu, lakini jina la akina mama wale lingalipo vitabuni.

Mwaka wa 1939, akiwa Singapore, aliwakemea hadharani wauzaji wa maziwa ya kopo yenye sukari kwa vifo vya watoto wachanga. Wajapani walimfunga vitani. Alinusurika, na mwaka wa 1948 akaongoza kitengo cha afya ya mama na mtoto cha Shirika la Afya Duniani. Alifariki mwaka wa 1992 akiwa na miaka 98.